Jinsi ya kupiga hesabu za migongano kwa kuhamia fremu ya kitovu cha masi, hatua kwa hatua

Mtu akipewa swali la chembe mbili zinagongana, mara nyingi anaandika ikwesheni ya momenta (masi mara velositi), chini yake anaandika ya nishati ambayo velositi zake zote (yaani spidi pamoja na uelekeo) zina mraba, afu anaanza kuhangaika kuchomoa velositi za mwisho, v1 na v2, ukurasa unajaa, alama ya kutoa inapotea katikati na jibu linatoka la ajabu. Njia hiyo inafika, siipingi, ila inazunguka sana na ubaya wake mkubwa ni kwamba ukimaliza unabaki na namba mbili tu, mgongano wenyewe bado hujauelewa. Ipo njia nyingine naipenda kuliko zote: achana na ikwesheni kwanza, badilisha pale unapotazamia. Hamia kwenye fremu, yaani mahali pa kutazamia penye mwendo wake, ambayo mgongano unakuwa mwepesi mpaka hesabu zinakaribia kuisha zenyewe, maliza kazi hukohuko, kisha rudi ulikotoka.

Wazo hili ni la zamani. Mholanzi Christiaan Huygens alilitumia vizuri sana katika karne ya 17, akawaza mtu yuko ndani ya mashua inayoteleza mtoni bila kuyumba, anagonganisha mipira miwili inayofanana iliyoning'inia kwenye nyuzi, na mwenzake kasimama ukingoni anatazama. Mgongano ni mmoja, ila yule wa mashuani ataona mipira inakuja kwa spidi sawa na kurudi kwa spidi sawa, wa ukingoni ataona mmoja umesimama na mwingine unakuja kwa kasi, na wote wawili wako sahihi. Huygens akasema basi kama najua matokeo ya yule wa kwanza, ya huyu wa pili nayapata kwa kujumlisha tu velositi ya mashua. Ndo hivyo hivyo tunavyofanya mpaka leo.

Fremu zenyewe unazozihitaji ni chache. Kuna fremu ya maabara, yaani ile ambayo vifaa vyako vya kupimia vimesimama, na kwa kawaida chembe inayolengwa nayo imetulia. Kuna fremu ya kitovu cha masi, inayosafiri pamoja na ile nukta ya wastani wa masi yote, na humo momenta ya jumla ni sifuri. Afu kuna fremu ya chembe mojawapo, unaipanda ile chembe na kuona mwenzake anakujia, hii inafaa zaidi pale ambapo chembe moja ni kubwa mno kuliko nyingine. Nyingine zote unaweza kuzitumia pia, hakuna anayekukataza, ila hazikupunguzii kazi.

Hatua ya kwanza: hakikisha njia hii inaruhusiwa

Mambo matatu tu. Moja, wakati wa mgongano kusiwe na nguvu ya nje yenye maana, na kwa sababu migongano mingi huchukua muda mfupi sana, nguvu ya uvutano ya dunia au msuguano unaweza kuziacha bila wasiwasi. Mbili, spidi ziwe ndogo ukilinganisha na spidi ya mwanga. Ukifika sehemu ya kumi ya spidi ya mwanga, ile ½mv² inakuwa imekosea kwa chini kidogo ya asilimia moja, kwa hiyo hapo ndo mahali pa kuanza kuwa mwangalifu. Tatu, fremu unayohamia isiwe inaongeza wala kupunguza mwendo.

Hili la tatu linawaangusha wengi. Mtu anasema "nahamia fremu ya mpira wa pili" afu anabaki juu ya huo mpira hata baada ya kugongwa, sasa mpira ukigongwa si unabadilisha velositi ghafla, kwa hiyo fremu yake imeruka na sheria za Newton humo hazifanyi kazi kama unavyozijua. Ukichagua kupanda chembe, chukua velositi iliyokuwa nayo kabla ya mgongano na uendelee na hiyohiyo hadi mwisho, hata kama chembe yenyewe imeshatupwa pembeni.

Hatua ya pili: andika ulichonacho na tafuta V

Nitatumia u kwa velositi kabla ya mgongano na v kwa velositi baada ya mgongano, zote zikiwa za maabara. Chagua upande upi ni chanya na usibadilishe tena mpaka mwisho. Velositi ya kitovu cha masi ni:

V = (m1u1 + m2u2) / (m1 + m2)

Yaani momenta yote gawanya kwa masi yote, basi. Kwa kuwa momenta haibadiliki na masi haibadiliki, V nayo inabaki ileile kabla, wakati, na baada ya mgongano, hata vitu vikigandana, hata kimoja kikipasuka vipande mia. Kitovu cha masi hakina habari kama kuna kitu kimegongana. Ndo maana tunaenda kukaa pale.

Tuchukue mfano wa mstari mmoja. Mpira wa kilo 3 unaenda kulia kwa 4 m/s, mpira wa kilo 1 unakuja kushoto kwa 2 m/s. Kulia ni chanya. Momenta ni 12 kutoa 2, sawa na 10, gawanya kwa kilo 4 unapata V = 2.5 m/s.

Hatua ya tatu: ondoa V kwa kila mmoja

Velositi za ndani ya fremu ya kitovu tuziite w. Mpira wa kwanza: 4 − 2.5 = 1.5. Wa pili: −2 − 2.5 = −4.5. Hapa simama kidogo ukague, zidisha kila moja kwa masi yake: 3 × 1.5 ni 4.5, na 1 × (−4.5) ni −4.5, jumla sifuri. Kama hukupata sifuri usiendelee mbele, rudi nyuma, kuna alama umeikosea na mara nyingi ni ya yule anayekuja kinyume.

Kwa jumla w1 = m2(u1 − u2)/(m1 + m2) na w2 = −m1(u1 − u2)/(m1 + m2). Ona kwamba zote mbili zinategemea tofauti ya velositi tu, siyo velositi zenyewe, na kila chembe inabeba masi ya mwenzake juu ya sehemu. Mzito anaenda polepole, mwepesi anaenda haraka, kila wakati, kwa sababu momenta zao lazima zifutane.

Hatua ya nne: gonganisha

Hapa ndo patamu. Momenta mbili ni sawa na zina uelekeo kinyume kabla ya mgongano, na baada yake lazima pia ziwe sawa na kinyume. Kama mgongano ni wa elastiki, yaani nishati ya mwendo haipotei, hakuna spidi nyingine inayowezekana isipokuwa zilezile za mwanzo, maana ukiongeza ya mmoja lazima uongeze ya mwenzake pia ili momenta zifutane na nishati ingeongezeka, na ukipunguza ingepungua. Kwa hiyo kwenye mstari mmoja kila chembe inageuka tu na kurudi ilikotoka kwa spidi yake. Badili alama, umemaliza. Mpira wa kwanza sasa una −1.5 na wa pili +4.5. Hakuna mraba, hakuna kuchomoa chochote.

Hatua ya tano: rudisha V

Jumlisha 2.5 kwa kila mmoja: v1 = −1.5 + 2.5 = 1 m/s na v2 = 4.5 + 2.5 = 7 m/s. Kagua: momenta 3 + 7 = 10, sawa. Nishati kabla ilikuwa ½·3·16 + ½·1·4 = 26 joule, na baada ni 1.5 + 24.5 = 26 joule. Imekaa.

Hizo ndo hatua zenyewe, zinazofuata ni jinsi ya kuzitumia pale mambo yanapokuwa magumu kidogo, na pia kwa nini fremu hii inakuonyesha vitu ambavyo ile ya maabara inavificha.

Nishati ipo ya aina mbili, na moja huwezi kuigusa

Nishati ya mwendo inategemea fremu, hilo lisikutishe. Katika mfano wetu maabara inasema 26 joule lakini fremu ya kitovu inasema ½·3·(1.5)² + ½·1·(4.5)² = 3.375 + 10.125 = 13.5 joule. Zile 12.5 zilizobaki zimeenda wapi? Ni ½MV² (M ni masi yote, m1 + m2), nishati ya mfumo mzima kusafiri pamoja, ½·4·6.25 = 12.5. Kwa hiyo siku zote:

nishati ya maabara = ½MV² + ½μ(u1 − u2)²

ambapo μ ni masi iliyopunguzwa, μ = m1m2/(m1 + m2). Kwetu ni 3/4 ya kilo, tofauti ya velositi ni 6 m/s, na ½ × 0.75 × 36 inatoa 13.5 ileile.

Kipande cha kwanza kimefungwa na momenta, huwezi kukitumia kwa chochote, hata mgongano uwe mbaya kiasi gani zile 12.5 joule zitabaki kuwa mwendo. Kipande cha pili ndo nishati inayopatikana, ya kubonyeza, kupasha joto, kuvunja au kutengeneza kitu kipya. Mimi naona hii ndo faida kubwa kuliko zote za fremu ya kitovu, kuliko hata ule wepesi wa hesabu, kwa sababu ukiitazama tu unajua mgongano una uwezo gani.

Sasa mgongano usio wa elastiki unakuwa rahisi vilevile. Badala ya kurudisha spidi nzima, unairudisha ikiwa imezidishwa kwa e, kile kipimo cha kudunda ambacho ni 1 kwa elastiki kamili na 0 kwa vitu vilivyogandana. Chukua e = 0.5: mpira wa kwanza anatoka na −0.75, wa pili +2.25, rudisha V unapata 1.75 na 4.75 m/s. Nishati iliyopotea ni (1 − e²) mara nishati ya ndani, yaani 0.75 × 13.5 = 10.125 joule. Vikigandana e ni sifuri, vyote vinasimama tuli katika fremu ya kitovu, kwa hiyo maabara inaviona vinaenda pamoja kwa 2.5 m/s na zote 13.5 zimepotea. Na kiasi kilichopotea kila fremu inakubaliana nacho, hata kama hazikubaliani kuhusu jumla ya nishati, ni kitu kizuri sana cha kukagulia kazi yako.

Mgongano wa pembeni, vipimo viwili

Chembe nyingi hazigongani uso kwa uso, zinaparazana. Katika fremu ya kitovu, mgongano ukiwa wa elastiki, mambo bado ni yaleyale, spidi hazibadiliki, ila badala ya kugeuka nyuma kabisa zinazunguka kwa pembe fulani, tuiite θ, na zinaendelea kutazamana kinyume. Kila kinachohusu aina ya nguvu kati ya chembe hizo, iwe ya umeme au ya mipira migumu, kimefichwa ndani ya θ hiyo moja. Momenta na nishati peke yake hazikwambii θ ni ngapi, lazima upewe au uitoe kwenye sheria ya nguvu.

Fanya hivi. Chembe ya masi 1 inaenda kwa 8 m/s kumgonga mwenye masi 3 aliyesimama. V = 8/4 = 2, kwa hiyo w1 = 6 na w2 = −2. Tuseme θ ni nyuzi 90. Baada ya mgongano, wa kwanza ana 6 kwenda juu na wa pili ana 2 kwenda chini, hakuna aliyebaki na mwendo wa mbele. Rudisha V, ambayo ni 2 kwenda mbele, na kumbuka sasa unajumlisha vekta, yaani mbele kwa mbele na juu kwa juu: wa kwanza ana (2, 6), wa pili ana (2, −2). Spidi ya kwanza ni mzizi wa 40, karibu 6.32 m/s, kwa pembe ya nyuzi 71.6, na wa pili ni 2.83 m/s kwa nyuzi 45 upande wa chini. Nishati: 20 + 12 = 32, sawa na ½·1·64. Safi.

Kwa lengo lililosimama, pembe ya maabara, tuiite ψ, inatoka hapa:

tan ψ = sin θ / (cos θ + m1/m2)

na aliyegongwa anatoka kwa pembe ya (180° − θ)/2. Ila nakusihi usianze kwa kukariri hizi, chora kwanza. Chora mshale wa V, kwenye ncha yake weka duara lenye nusu kipenyo sawa na w1, na velositi yoyote ya mwisho ya chembe ya kwanza ni mshale unaoanzia mkiani mwa V na kuishia mahali popote kwenye duara hilo. Mchoro huu mmoja unakupa karibu kila kitu.

Kama m1 ni ndogo kuliko m2, V ni fupi kuliko nusu kipenyo, mkia wa V uko ndani ya duara, chembe inaweza kutoka kwa pembe yoyote hata kurudi nyuma kabisa. Masi zikiwa sawa, duara linapita haswa kwenye mkia wa V, na jiometri ya nusu duara inakulazimisha pembe kati ya chembe mbili zinazotoka iwe nyuzi 90, ndo maana mpira wa biliadi ukigonga mwenzake uliotulia huwa inaachana kwa pembe karibu na hiyo (karibu tu, kwa sababu mipira halisi inazunguka na kupoteza nishati kidogo). Na kama m1 ni kubwa kuliko m2, mkia uko nje ya duara, chembe haiwezi kupinda zaidi ya mstari unaogusa duara:

sin ψ ya juu kabisa = m2/m1

Hapa kuna mtego: kila pembe ya maabara iliyo chini ya hiyo ya juu inakata duara mara mbili, kwa hiyo kuna θ mbili tofauti zinazotoa ψ moja, zikiwa na spidi tofauti. Ukipewa ψ peke yake usikimbilie jibu moja, pima na spidi.

Jaribu sasa kwenye chembe za alfa (viini vya heli) ambazo Geiger na Marsden, mwaka 1909 pale Manchester wakiwa chini ya mwanafizikia Ernest Rutherford, walizirusha kwenye karatasi nyembamba za metali kama dhahabu. Alfa ina masi karibu mara 7,300 ya elektroni. Alfa ikigonga elektroni iliyotulia pembe ya juu kabisa inayowezekana ni ile ambayo sin yake ni 1/7,300, sawa na nyuzi 0.008 hivi. Hakuna namna elektroni moja inaweza kuirudisha alfa nyuma, na hilo siyo suala la nguvu ya umeme hata kidogo, ni masi tu. Lakini wao waliona chache zinarudi nyuma kabisa. Basi lazima alfa iligonga kitu chenye masi kubwa kuliko yenyewe, tena mara moja, na Rutherford mwaka 1911 akakieleza kitu hicho kuwa ni chaji iliyojikusanya katikati ya atomu, ndo kiini tunachokijua. Kwa dhahabu, masi 197 dhidi ya 4, V ni kama asilimia 2 tu ya spidi ya alfa, kwa hiyo fremu ya maabara na ya kitovu karibu ni kitu kimoja na unaweza kuruka hatua ya tatu na ya tano bila dhambi kubwa.

Ile 2V, na jinsi nyutroni ilivyopimwa

Hili napenda mtu alielewe vizuri. Lengo likiwa limetulia maabara, katika fremu ya kitovu linaonekana linakuja kwa −V. Likigongwa uso kwa uso linageuka kuwa +V. Rudi maabara, jumlisha V, unapata 2V. Kwa hiyo spidi ya juu kabisa unayoweza kumpa aliyesimama ni:

2V = 2m1u / (m1 + m2)

Mwaka 1932 mwanafizikia James Chadwick kule Cambridge alikuwa na mionzi isiyo na chaji (ndo nyutroni, chembe ya ndani ya kiini), hakuweza kuipinda kwa sumaku wala kuipima moja kwa moja, u hakuijua, m1 hakuijua. Ikaachwa igonge haidrojeni, afu naitrojeni, ikapimwa spidi ya juu ya atomu zilizorushwa: protoni (kiini cha haidrojeni) karibu 3.3 × 10⁷ m/s, naitrojeni karibu 4.7 × 10⁶ m/s. Andika 2V kwa kila moja na ugawanye, u inafutika yenyewe, m1 ya juu inafutika, na ukiita masi isiyojulikana m, haidrojeni ikiwa 1 na naitrojeni 14, kinachobaki ni:

(m + 14)/(m + 1) = 3.3 × 10⁷ / 4.7 × 10⁶ ≈ 7

Tatua: m + 14 = 7m + 7, kwa hiyo m ni kama 1.17. Chadwick mwenyewe alitoa karibu 1.15 na akasema vipimo vinaruhusu masi iliyo karibu sana na ya protoni. Leo tunajua ni 1.0087. Masi ya kitu ambacho hakikuonekana, kutokana na mstari mmoja wa hesabu za mgongano, na mwaka 1935 akapewa tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kupunguza mwendo wa nyutroni

Ukiweka 2V kwenye nishati unapata sehemu ya juu kabisa ya nishati inayoweza kuhama kwa mgongano mmoja: 4m1m2/(m1 + m2)². Kwa pembe yoyote unazidisha na sin²(θ/2). (Mfano wetu wa masi 1 na 3: 12/16 × 0.5 = 0.375, na kweli 12 kati ya 32 zilihama.)

Nyutroni kwa haidrojeni, masi karibu sawa, inaweza kupoteza yote. Kwa deuteri (haidrojeni nzito, masi 2), 8/9, kama asilimia 89. Kwa kaboni, 48/169, asilimia 28. Kwa uraniamu 238, asilimia 1.7 tu. Katika nishati za kawaida za nyutroni za mtambo wa nyuklia, ambako hupunguzwa mwendo kwa kugonga viini vyepesi, mtawanyiko wake kwenye viini vyepesi uko karibu sawa pande zote katika fremu ya kitovu, siyo ya maabara, kwa hiyo wastani wa hasara ni nusu ya kiwango hicho cha juu. Kuishusha nyutroni toka MeV 2 hadi eV 0.025 (eV ni kipimo kidogo cha nishati ya chembe, MeV ni eV milioni moja) inachukua wastani wa migongano 18 hivi kwenye haidrojeni na karibu 115 kwenye kaboni. Kaboni hata hivyo haimezi nyutroni kama haidrojeni inavyomeza, na ndo sababu mtambo wa kwanza wa nyuklia, ule wa Chicago uliowaka tarehe 2 Desemba 1942, ulijengwa kwa matofali ya grafaiti, ambayo ni kaboni.

Chombo cha anga kinachopita karibu na sayari ili kuongezewa mwendo, kama Voyager 2 ilivyofanya kwa Jupita mwaka 1979, nacho ni mgongano wa elastiki bila kugusana. Masi ya chombo ni kama hakuna, fremu ya kitovu ni fremu ya sayari, humo chombo kinaingia na kutoka kwa spidi ileile, kinageuka uelekeo tu. Rudi fremu ya Jua, jumlisha vekta ya sayari, spidi imeongezeka. Hatua ni zilezile tano.

Nishati ya chini ya kuanzisha mmenyuko

Mwisho kabisa, kuna migongano inayohitaji kulipiwa nishati ili kitu kipya kitokee. Malipo hayo yanatoka kwenye nishati ya ndani peke yake, ½μu², maana ½MV² tumeshaona haiguswi. Lengo likiwa limetulia, sehemu inayopatikana ni m2/(m1 + m2) ya nishati uliyoipa chembe inayorushwa. Kwa hiyo kama mmenyuko unadai Q, chembe yako lazima iwe na nishati ya mwendo K ya angalau:

K = Q × (m1 + m2)/m2

Mwaka 1919 Rutherford alitangaza kwamba alfa zikigonga naitrojeni zinatoka protoni, na baadaye ikaeleweka kuwa kinachobaki ni oksijeni 17. Mmenyuko huo unadai MeV 1.19. Alfa ina masi 4, naitrojeni 14, kwa hiyo alfa lazima ibebe 1.19 × 18/14, yaani MeV 1.53. Hii ni kwa upande wa momenta na nishati tu, ile kazi ya kupenya msukumo wa chaji ni hesabu nyingine. Geuza sasa, weka heli ikiwa imetulia na urushe naitrojeni: 1.19 × 18/4, MeV 5.36, karibu mara tatu na nusu. Na ukizirusha zote mbili zitazamane kwa momenta sawa, V ni sifuri, maabara yenyewe ndo fremu ya kitovu, na unalipa 1.19 tu bila ziada.